Njia ya Kisimani Isifungwe

Kirushya, Ngara
Jumamosi jioni, mwezi wa Julai

Mwanangu Leokadia,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako Yudita, nami nimebaki na sanduku lako hapa mlangoni. Jua bado liko juu ya migomba na nina nafasi ya kuandika kabla hujarudi. Habari za chakula, za chandarua na za kuwaamkia wazee wa huko Nyamahanga unakokwenda kufundisha nimekwisha kukuambia, nawe uliitikia "ndiyo, mama" kwa sauti ya mtu ambaye moyo wake umekwisha kupanda basi. Sitazirudia. Barua hii nitaiweka chini ya gauni lako la kijani. Utaiona ukiwa tayari ni mwalimu wa watu, Biharamulo, katika chumba ambacho mimi sijakiona.

Wiki hii, ulipokwenda mjini kufuata karatasi zako za kazi, niliandika wosia wangu. Usishtuke. Siumwi. Leo asubuhi nimelima, na mchana nimekula kukushinda wewe. Lakini nimeandika, na nataka ujue kwa nini mtu kama mimi, mwenye kipande kimoja cha ardhi, mbuzi mmoja na sufuria zinazofahamika kijiji kizima, ameona aandike.

Baba yako naye alikuwa akicheka jambo hili. "Maskini ana wosia gani?" alikuwa akisema. "Wosia ni wa wenye ng'ombe. Mimi nikifa, mgawane kikohozi changu."

Wakati ule ulikuwa bado unavaa sketi ya bluu ya shule ya msingi. Unakumbuka ng'ambo ya bonde palivyokuwa? Palipokuwa na msitu palitokea mji wa maturubai, mkubwa kuliko mji wowote niliokuwa nimeuona. Jioni moshi wa mafiga yao ulipanda ukakutana na ukungu unaoshuka kutoka mlimani, na kwa muda mtu hakuweza kusema huu ni moshi au ule ni ukungu. Giza likiingia, mioto yao ilijaa kilima kizima. Wewe ulikaa mapajani mwa baba yako, ingawa ulikuwa mkubwa kwa mapaja, naye akakuambia, "Ona, mbingu imemwagika." Ukamuuliza nani ataizoa. Nami nimebaki na swali lako mpaka leo, likinijia wakati wa kupepeta maharage.

Katika mji ule ndimo walimotoka Anastazi na mkewe Speciosa. Walikuja kutafuta kibarua cha kupalilia, wapewe ndizi. Walipomaliza kupalilia, waliendelea kuja. Anastazi alikuwa fundi bati huko kwao Rwanda, na alichukua makopo ya mafuta ya msaada akayafanya vibatari. Kibatari chako cha kusomea, kile chenye mkono uliopinda, yeye ndiye aliyekitengeneza akiwa amekaa kwenye kizingiti hiki ninapokaa sasa. Yeye na baba yako walikunywa rubisi, pombe ya ndizi, kwa kibuyu kimoja na hawakusema mengi. Kihangaza chetu na Kinyarwanda chao vinasikilizana, lakini wao walipenda kunyamaza.

"Gervas," Anastazi aliwahi kusema, akitazama migomba, "huu wa pembeni una kiburi. Haujainama kwa mtu."

"Utainama ukizaa," baba yako akajibu. Kisha wakapokezana kibuyu mpaka jua likazama.

Kifua kilipomshika baba yako, asubuhi moja aliniambia, "Veneranda, niletee kalamu na karatasi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeomba chumvi. Nikamwambia, "Kunywa uji kwanza." Akanywa. Nikachukua kikombe, nikaenda nje, nikakaa huko muda mrefu nikichambua maharage yaliyokuwa yamekwisha kuchambuliwa. Mama yangu alinifundisha kwamba anayeandika wosia amekipigia hodi kifo, na kifo hakina haya, kikipigiwa hodi kinafungua. Kwa hiyo nilimnywesha uji, na kesho yake uji, na hakuomba kalamu tena. Alikuwa mtu wa kuelewa. Alijua naogopa, akaniachia hofu yangu.

Nakuambia hili bila kujipiga kifuani. Nilifanya kama mke anayependa. Lakini upendo mwingine, mwanangu, humnyima mtu kalamu.

Alipoona mkono wake hauwezi tena kuandika hata jina, aliomba watu badala ya karatasi. Mwenyekiti wa kitongoji akaja kutueleza utaratibu. Alisema wosia wa mdomo unasimama kwa mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo, na mke awepo. Hapo tukakwama. Wewe unajua kilima chetu. Ukirusha jiwe linamwangukia mjomba, likidunda linampata shemeji. Hata mwenyekiti mwenyewe bibi yake ametoka katika ukoo wa baba yako.

Baba yako akacheka mpaka akakohoa. "Mnatafuta watu wa nje?" akasema. "Niitieni Anastazi na mkewe. Hao wametoka nje kuliko wote."

Tukafurahi wote. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Wewe ndiye uliyetumwa kuvuka bonde kuwaita, na ukarudi umeshikwa mkono na Speciosa.

Kwa hiyo wakakaa wanne. Upande wa ukoo alikuwepo baba yako mkubwa Sebastiani na shangazi yako Yudita. Upande wa pili Anastazi na Speciosa, wamevaa nguo zao safi kama wanakwenda misa. Baba yako alisema polepole, akipumzika kila baada ya jambo. Nyumba na kibanja cha juu chenye migomba ni vya Veneranda. Kipande cha chini, chenye mibuni aliyoipanda kwa mkono wake, ni cha Leokadia. Hapo Sebastiani akainua kichwa.

"Gervas, huyu ni mtoto wa kike. Ataolewa."

"Najua ataolewa. Hata mibuni haijakataa."

"Wazee watasema."

"Ndiyo maana nimekuita wewe, kaka. Wakisema, useme."

Kisha akaendelea. Baiskeli ipewe kanisa la kigango, kwa ajili ya katekista. Kibatari kiwe cha Leokadia, asome. Tulidhani amemaliza, kwa sababu alifumba macho. Speciosa akaanza kuinuka. Ndipo akasema, macho yakiwa bado yamefumba, "Na njia ya kisimani isifungwe. Atakayekuwa na kipande cha chini, awe nani, njia iwe wazi. Watu wapite."

Anastazi akauliza kwa upole kama njia nayo ni mali.

"Njia ndiyo mali niliyonayo kubwa," baba yako akasema. "Kila siku watu wamepita kwangu wakanisalimu."

Alizikwa maharage yakiwa yanaanza kutoa maua. Tuliweka matanga kwa desturi, na kikao cha ukoo kikapangwa kiwe siku ya kuanua, mashahidi waje waseme walichosikia. Lakini mwezi wa Desemba ukaingia na amri ikatoka kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao. Kilima cha ng'ambo kikafumuka. Kwanza walikimbilia huku ndani, kuelekea mashariki, wakilala porini. Kisha wakageuzwa, wakarudi kwa barabara ile ile kuelekea mpakani. Waliojaa kilima chote sasa wakajaa barabara.

Nilikwenda kuwatafuta. Nilisimama kando ya barabara nikiwa na kaniki ya msiba, na watu wakapita. Mpaka leo sijui kuusimulia wingi ule. Ilikuwa kama kuota, unaona kila kitu lakini husikii. Magodoro yalipita, masufuria yalipita, mtu akambeba mama yake, mtoto akabeba kuku. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha na hakuna aliyejifunika. Nikaita, "Speciosa." Wanawake wengi wakageuka. Sikujua kama jina lile lilikuwa limebebwa na wengi hivyo. Mmoja akanisogelea, kijana, mtoto mgongoni.

"Ni mimi. Unanitaka?"

"Samahani, mama. Si wewe."

Alinitazama kama aliyetamani awe yeye. Nikaona mikono yake imechoka, nikamchukulia chungu chake nikampandishia kile kilima kirefu. Kule juu nikamrudishia. Akaniambia kwa lugha yao, "Mungu akukumbuke." Kisha akaingia katika wale watu na sikumwona tena. Sikumpata Speciosa wetu, wala Anastazi. Nilirudi nyumbani na kitu kimoja tu, jasho la chungu cha mtu.

Kikao kikakaa. Shangazi yako alisema aliyoyasikia. Sebastiani, na hili ulishike maana wengi hawalisemi, naye alisimama akasema yote kama yalivyosemwa, hata kipande chako, hata mibuni. Lakini mzee wa ukoo akatikisa kichwa.

"Wosia huu ni kiti cha miguu minne," akasema. "Miguu miwili imevuka mto. Mnataka nikalie hiki?"

Hakusema kwa ubaya. Wazee wakashauriana, wakaamua nyumba na kibanja cha juu nivitumie nikiwa hai, na kipande cha chini, kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume, kirudi kwa kaka yake. Sebastiani hakukataa. Alisema kweli, kisha akapokea. Nimekaa miaka na mambo hayo mawili, nikijaribu kuyaweka katika mtu mmoja, na siku hizi naona yanaenea. Watu ni wapana kuliko tunavyodhani, mwanangu.

Wewe siku ile ulikuwa nyuma ya nyumba. Ulikuwa umebeba maji ya wageni. Nilikuona umesimama, ndoo kichwani, ukisikiliza. Hukuuliza kitu, si siku ile wala baadaye. Ulimwaga maji katika mtungi, ukarudi kisimani kwa njia ile ile.

Msimu uliofuata Sebastiani alizungushia kipande kile ua wa mnyaa. Nilikuwa dirishani nikimtazama akichomeka vijiti kimoja baada ya kingine, na kila alipochomeka niliona kama ananichoma mimi. Alipofika kwenye njia akasimama. Akakaa chini kabisa, kama mtu aliyechoka, ingawa asubuhi ilikuwa bado mbichi. Kisha akainuka, akaruka njia, akaanza kuchomeka upande wa pili. Nilipomkuta kisimani nikamuuliza mbona ameacha uwazi, mbuzi wataingia.

"Alisema isifungwe," akajibu. "Mimi nilisikia."

Basi katika wosia wote wa baba yako juu ya ardhi, hilo ndilo lililobaki limesimama. Njia. Watu bado wanapita, na wakipita wanasalimu, ingawa anayeitikia si yeye.

Sasa nikuambie langu. Kile kipande cha barabarani nilikinunua kwa ndizi na rubisi nilizouza katika kambi ya wakimbizi wa Burundi, kutoka kwa yule bwana aliyehamia Geita kutafuta dhahabu. Si cha ukoo. Ni jasho langu, na karatasi ya mauziano ninayo. Sikutaka kiwe kiti cha miguu miwili. Mwenyekiti aliniambia kwamba kwa kuwa najua kusoma na kuandika, niandike kwa mkono wangu, kwa wino, niweke tarehe na sahihi, na mashahidi wawili wanatosha, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, mradi wasiwe warithi. Hakuna wakili aliyeitwa. Karatasi ilikuwa ya daftari lako la zamani. Akaniongezea ushauri mmoja. "Katika ukoo, mchague yule ambaye angeweza kupinga. Akisha kutia dole lake, atapinga nini?"

Kwa hiyo nilimwita Sebastiani. Na kwa shahidi wa nje nilimwita Mama Masanja, Msukuma yule mwenye ng'ombe aliyehamia hapa kutoka Shinyanga. Wakakutana mlangoni, na unajua wakikutana hawaachi kutaniana.

"Shemeji, umekosa mtu?" Sebastiani akaniuliza. "Hawa majani yakiisha wanahama. Kesho utamtafuta shahidi wako Sumbawanga."

"Nimepanda migomba, baba," Mama Masanja akasema. "Msukuma akishapanda mgomba, huyo amekwisha. Ng'ombe wenyewe wananicheka."

Tukacheka. Lakini nilimtazama, na nilikwisha kumchagua kwa sababu hiyo hiyo. Nimeiona migomba yake. Imeinama.

Nikawasomea. Kipande cha barabarani ni cha Leokadia, akiolewa au asipoolewa. Mbuzi ni wa Yudita. Sufuria kubwa ni ya jumuiya, kwa misiba ya wote. Sebastiani akangoja.

"Mimi sijasikia jina langu," akasema.

"Hujaachiwa kitu, shemeji. Ndiyo maana nimekuita."

Mama Masanja akageukia ukutani mabega yakitetemeka. Sebastiani hakukasirika. Akachovya dole gumba kwenye wino niliouazima kwa mwenyekiti, akaliweka, akalitazama dole lake lilivyobaki pale kwenye karatasi, na Mama Masanja akatia lake pembeni. Nakala moja nimeipeleka parokiani, moja iko kwa Yudita. Ya tatu ninayo.

Mama Masanja alipoondoka, Sebastiani alibaki. Aligeuza kofia yake mikononi. Nikadhani anataka rubisi, nikamletea, akashika kibuyu bila kunywa.

"Shemeji, na wangu nani ataniandikia?"

Nikamwambia naweza kumwandikia mimi.

"Hapana," akasema. "Wewe una kisa na mimi, ingawa husemi. Mwalimu akija likizo, aniandikie Leokadia." Kisha akanywa, akaaga, akateremka kwa njia ya kisimani.

Hili ndilo nililotaka kufikia, na jua linazama. Sijui atataka uandike nini. Sikumuuliza, na sitamuuliza. Anao wanawe wa kiume. Inawezekana atasema kipande cha chini ni chako, kama alivyosikia. Inawezekana atasema ni cha wanawe, nawe ndiye utakayeshika kalamu ukiandika kwa mkono wako kwamba si chako. Nimelifikiria hilo kila ninapoamka, na nimeona nikuombe. Akikuita, nenda. Mwandikie. Usiulize kwanza kama umo. Andika kwa mwandiko wako mzuri, umsomee polepole, umuulize kama ndivyo, naye aweke dole lake. Baba yako aliomba kalamu na hakupewa. Sitaki katika nyumba hii mtu mwingine aombe kalamu akapewa uji.

Ukishindwa, mwanangu, sitakulaumu. Mibuni ile ni ya baba yako na mimi pia huwa naigusa nikipita.

Wakati mwingine nikiwa kati ya usingizi na kuamka namwona Anastazi amekaa mahali, katika nchi ambayo sijafika, amezungukwa na wajukuu, akiwaambia, "Kulikuwa na mtu, Gervas, alirithisha njia." Huenda yuko hivyo. Huenda hayuko kabisa. Lakini napenda kufikiri kwamba wosia ule bado una mashahidi wake wanne, ila wamekaa mbalimbali.

Nasikia sauti yako huko chini, unarudi, unamsalimu mtu njiani. Ni Sebastiani. Umemwambia shikamoo, naye ameitikia marahaba kwa kuivuta, kama anavyofanya akifurahi. Acha nikunje karatasi. Kibatari nimekifunga ndani ya kanga yako, mkono wake uangalie juu usivunjike.

Ukisoma hapa utakuwa umekwisha kupita ile njia alfajiri, umande ukikulowesha miguu, mimi nyuma yako na sanduku. Huko Nyamahanga kutakuwa na kisima, na kwenye kisima kutakuwa na njia. Jioni ukienda kuchota maji, watu wakikusalimu, uwaitikie. Kisha unikumbuke.

Mama yako,
Veneranda